Chuo cha afya chenye ada nafuu na mafunzo ya kweli: jinsi ya kukitafuta na kukikagua

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haipumziki. Ni shemeji, ni jirani, ni mama tunayesali naye jumuiya moja, na swali lao ni lile lile: "Mtoto ana D za Baiolojia na Kemia, anataka mambo ya afya, nimpeleke chuo gani cha bei nafuu?"

Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya, na kila mwaka tunapokea wanafunzi wa fildi, yaani mazoezi ya kazi, kutoka vyuo mbalimbali. Matunda ya vyuo hivyo nayaona kwa macho. Yupo anayefika akijua kutoboa kidole, kupaka damu kwenye slaidi, kuipiga rangi na kuisoma bila kusimamiwa. Yupo pia wa mwaka wa tatu anayeshika hadubini kama anaogopa itamuuma. Wazazi wao wote wawili walilipa, na mara nyingine wa pili ndiye aliyelipa zaidi.

Kwa hiyo nimeamua kuandika hapa yale ninayowaeleza watu kwa simu kila mwaka. Nazungumzia vyuo vya kati vya Tanzania, vinavyotoa astashahada na stashahada. Na jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: gharama ya chuo cha afya huhesabiwa mpaka siku mtoto anaposhika leseni ya kufanya kazi. Chuo kinachompokea haraka kwa ada ndogo halafu akakwama njiani ni ghali kuliko vyote.

Hatua ya kwanza: weka matokeo mezani kabla hujataja chuo

Kozi nyingi za afya ngazi ya stashahada zinataka ufaulu wa angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini, na ndani ya hizo nne kuna masomo ya lazima. Kwa Utabibu, yaani kozi ya kuwa tabibu, lazima kuwe na Kemia, Baiolojia na Fizikia. Uuguzi na Ukunga kwa stashahada nao wanataka hayo matatu. Famasia wanashikilia Kemia na Baiolojia, kwa hiyo mtoto aliyeanguka Fizikia asikate tamaa, mlango upo. Hisabati na Kiingereza kwenye kozi nyingi huandikwa kuwa ni faida ya ziada, lakini nakuomba usizidharau: atakapotaka kwenda digrii siku za usoni, vyuo vikuu vitazitazama, pamoja na GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0 kwenye stashahada yake.

Akikosa sifa, akarudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu kila mwaka kuna watu wanaowaambia wazazi kwamba "sifa zinapatikana hapa hapa chuoni" au kwamba cheti kitaletwa baadaye. Jina lisilo na sifa halithibitishwi, na pesa hairudi.

Kwa aliyekosa kabisa masomo ya sayansi, zipo kazi nyingine za afya. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kupata wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5, na mafunzo yake ni ya miezi 6. Hao huchaguliwa kutoka kwenye vijiji na mitaa wanamoishi, kwa hiyo ulizia kwa mtendaji wako. Lakini ukiona bango barabarani limeandikwa "Unesi miezi 6", lipite. Muuguzi wa miezi sita hayupo kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Hatua ya pili: panua macho kwenye kozi

Mzazi akisema "afya" anamaanisha daktari au nesi. Sayansi shirikishi za afya ni pana kuliko hapo. Kuna maabara, famasia, radiografia (wale wa eksirei na ultrasaundi), fiziotherapia, optometria ya macho, tabibu wa meno, fundi sanifu wa maabara ya meno, afya ya mazingira, utunzaji wa kumbukumbu na taarifa za afya, ufundi wa vifaa tiba, utengenezaji wa viungo bandia. Hii ya viungo bandia ina chuo chake pale hospitali ya KCMC Moshi, kiitwacho TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 na kinachopokea wanafunzi hata kutoka nchi nyingine za Afrika.

Kwa nini nalikazia hili kwenye habari ya unafuu? Kwa sababu kozi zenye watu wachache mara nyingi ndizo zenye msaada wa serikali, kama utakavyoona kwenye mkopo. Tena ukifungua orodha za ajira za afya zinapotoka, watabibu na wauguzi wanaoomba ni wengi kupita kiasi kwa nafasi zilizopo. Wa eksirei na wa macho ushindani wao ni mwepesi zaidi. Sisemi mtoto aache wito wake wa uuguzi, muuguzi mzuri ni baraka kwenye wodi. Nasema tu achague akiwa ameona meza nzima.

Mpeleke hospitali ya wilaya siku moja, akae benchi la mapokezi, atazame milango. Maabara, famasia, eksirei, meno, macho, kila mlango una mtu mwenye stashahada nyuma yake.

Hatua ya tatu: pakua kitabu cha udahili, ni bure

NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka kwenye tovuti yake. Ni faili ndefu ya PDF na imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kama lugha inakusumbua mwombe mwalimu au kijana akusaidie. Ndani yake kila chuo kimeorodheshwa na namba yake ya usajili, wilaya kilipo, kozi zake, miaka ya kusoma, sifa za kujiunga, nafasi zilizopo na ada. Ukiifungua kwenye simu, bonyeza alama ya kutafuta, andika jina la mkoa wako au la kozi, na utaruka moja kwa moja mpaka unapotaka.

Vyuo vya afya namba zao za usajili huanza na REG/HAS. Liandike hilo kwenye daftari lako. Ukipewa kipeperushi kisicho na namba hiyo, uliza. Ukipewa namba, ilinganishe na iliyomo kwenye kitabu.

Kutoka kwenye kitabu toa orodha ya vyuo vinne au vitano, na uvichanganye. Weka vya serikali, kwa sababu ada zao kwa kawaida ziko chini na nyingi kati ya taasisi hizo zina miaka mingi kazini: Kibaha, Mtwara, Mafinga, Singida kwa maabara, Ngudu kwa afya ya mazingira, na wengine wengi. Weka na vya mashirika ya dini, ambavyo vingi viliota kando ya hospitali kongwe: Nkinga, Peramiho, Haydom, Bugando. Mwisho weka vya watu binafsi. Humo vimo vizuri sana na vimo vya kukimbia, na hatua zinazofuata hasa ni kwa ajili ya kuvitenganisha.

Hatua ya nne: hakiki kozi yenyewe, jina la chuo halitoshi

Hapa ndipo tulipoumia sisi kama familia, naomba nikusimulie.

Mpwa wangu alinipigia jioni moja, furaha tele. "Mjomba, nimeshapata chuo, maabara, na nimeshalipa nusu." Nikamuuliza kama chuo kimesajiliwa, akasema kimesajiliwa, na kweli nilikikuta kwenye orodha. Nikaridhika. Kosa langu lilikuwa kuishia pale. Chuo kile kilikuwa na kibali cha kufundisha famasia. Maabara walikuwa wameianzisha wakisema kibali kiko njiani. Muhula ukaisha, ukafika wakati wa mitihani, majina ya darasa lao hayamo kwenye mfumo. Dada yangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Kijana alirudi nyumbani na sare yake nyeupe ndani ya begi, hakutaka hata kuitoa. Mwaka mmoja ukawa umepotea hivyo, na ile nusu ya ada haikurudi mpaka leo.

Kwa hiyo unapofungua kitabu cha udahili usitazame jina la chuo tu. Shuka mpaka kwenye mstari wa kozi unayoitaka, kwenye chuo hicho, kwenye tawi hilo. Kama chuo kina matawi mawili, kibali cha tawi la mjini hakimaanishi la wilayani linacho pia. Na kama kozi haimo kwenye kitabu cha mwaka huu, jibu la "inakuja" lihesabu kuwa ni hapana.

Kisha uliza baraza la taaluma yenyewe. Watabibu na matabibu wa meno wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, famasia chini ya Baraza la Famasi, sisi wa maabara tuna baraza letu, watu wa mionzi na wa macho nao wana ya kwao. Hao ndio watakaompa mtoto leseni, na baadhi yao wana mtihani wao wenyewe kabla ya kumsajili mtu. Swali la kuuliza ni fupi: wahitimu wa chuo hiki wa kozi hii mnawasajili?

Hatua ya tano: piga hesabu ya miaka yote

Ada iliyoandikwa kitabuni ni kipande tu cha gharama. Omba maelekezo ya kujiunga kabla hujaamua. Chuo chenye nia njema kitakupa, au kitakuwa kimeyaweka wazi mtandaoni. Ndani yake tafuta vitu hivi: ada ya mitihani ya wizara, usajili, bima ya afya (kwa miaka kadhaa kadi ya mwanafunzi ya NHIF imekuwa Sh 50,400 kwa mwaka), sare na koti, viatu, vifaa vya kozi kama kipimo cha presha, kitabu cha kumbukumbu za mazoezi, gharama ya fildi, mahafali, na pesa ya tahadhari kwa vitu vitakavyoharibika. Halafu maisha: chumba, chakula, nauli.

Chukua mfano huu niliowahi kumwandikia jirani yangu kwenye karatasi. Tarakimu ni za kufundishia hesabu, weka za kwako.

Chuo cha kwanza kipo mjini. Ada Sh 1,300,000, michango Sh 400,000. Hakina hosteli, chumba ni Sh 40,000 kwa miezi 10, yaani Sh 400,000. Chakula Sh 5,000 kwa siku kwa siku 300 ni Sh 1,500,000. Hospitali ya mazoezi iko mbali, daladala kwenda na kurudi Sh 1,200 kwa siku 200 ni Sh 240,000. Jumla kwa mwaka ni Sh 3,840,000, na kwa miaka 3 ni Sh 11,520,000.

Chuo cha pili kipo wilayani, kimeshikana ukuta na hospitali. Ada Sh 1,700,000, michango Sh 300,000, hosteli Sh 250,000. Chakula Sh 3,500 kwa siku kwa siku 300 ni Sh 1,050,000. Nauli ya basi safari 4 kwa mwaka kwa Sh 45,000 ni Sh 180,000. Jumla Sh 3,480,000, kwa miaka 3 ni Sh 10,440,000.

Kile chenye ada kubwa kwa laki nne kimekuwa nafuu kwa zaidi ya milioni moja, na mtoto analala karibu na wodi anayojifunzia. Jirani alikaa kimya akaitazama ile karatasi mara mbili, kisha akamwita mumewe.

Uliza pia ada hulipwa kwa awamu ngapi. Kwa mkulima anayesubiri mavuno, awamu nne zinaweza kuwa na thamani kuliko punguzo la laki mbili. Na uliza kama ada itabaki ile ile mpaka mwaka wa tatu, ukitaka jibu kwa maandishi.

Hatua ya sita: mkopo upo, lakini una masharti

Wengi hawajui kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo, HESLB, inakopesha pia wanafunzi wa stashahada kwenye fani zilizopewa kipaumbele, na afya na sayansi shirikishi ni mojawapo. Ila si kila kozi ya afya. Mwongozo wa kwanza ulitaja kozi kama tabibu wa meno, radiografia, fiziotherapia, optometria, viungo bandia, na taarifa za afya. Ndiyo maana nilikwambia utazame meza nzima. Orodha hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako mwenyewe kabla hujajaza chochote, na uangalie tarehe za dirisha la stashahada.

Maandalizi yaanze mapema, kwa sababu karatasi ndizo zinazochelewesha watu. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kama kaya imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iwe karibu. Tafuta mdhamini anayeaminika na picha zake. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na fomu. "Mwajuma" na "Mwanajuma" kwenye kompyuta ni watu wawili, na kuwaunganisha ni safari ya kwa wakili kutafuta hati ya kiapo.

Mkopo ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Aelewe hilo tangu mwanzo.

Nje ya Bodi, ulizia halmashauri, dayosisi, jimbo, msikiti wenu, na hospitali za misheni ambazo mara nyingine humsomesha mtu kwa makubaliano ya kurudi kufanya kazi kwao. Mkataba wa namna hiyo usomwe na mtu mzima anayeelewa kabla ya sahihi.

Hatua ya saba: nenda ukaone

Nauli ya kwenda kukagua chuo ni pesa bora kuliko zote utakazotumia. Kama huwezi kufika vyote, fika vile viwili vilivyobaki juu ya orodha. Usiende siku ya maonyesho wala siku ya mahafali. Nenda Jumanne au Jumatano ya kawaida, saa nne asubuhi.

Ofisini utakaribishwa vizuri, utaoneshwa ukumbi na kompyuta. Shukuru, kisha omba kuona chumba cha mazoezi. Mimi nikiingia maabara ya chuo kitu cha kwanza ninachotazama ni sinki. Rangi ya Giemsa, tunayotumia kupaka slaidi za malaria, haina siri. Inashika zege, inashika bomba, inashika vidole, na madoa yake ya zambarau hayatoki hata kwa brashi. Maabara ambayo wanafunzi wanafanya kazi kweli, sinki lake lina madoa hayo na pembeni kuna rafu ya slaidi zinazokauka. Niliwahi kuingia chuo kimoja, vigae vyeupe, taa nzuri, hadubini kumi na mbili mstari mmoja. Sinki lilikuwa jeupe kama sahani ya mgeni. Nikaomba kugeuza lenzi ya 100, ile inayohitaji tone la mafuta ili kuona vimelea. Nikaomba na chupa ya mafuta. Mwalimu akatafuta kabati la kwanza, la pili, akaagiza mtu, na tulipoagana chupa ilikuwa bado haijapatikana. Hadubini zilikuwepo kumi na mbili, na hakuna mtoto aliyekuwa amesoma slaidi.

Chuo kingine, kwenye mji mdogo, jengo lake limechakaa na dari lina alama za mvua. Hadubini sita tu. Lakini binti mmoja wa mwaka wa pili nilimuuliza anapakaje, akanijibu huku mikono ikifanya kazi: Giemsa ya asilimia 10, dakika 10, osha taratibu, simamisha ikauke. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye kucha. Mpwa wangu ndipo alipohamia, na leo anafanya kazi.

Kwa uuguzi na utabibu sanamu la mazoezi litakwambia mambo hayo hayo. Lenye mkono uliotobolewa tobolewa na sindano na ngozi iliyochubuka linatumika. Lililo ndani ya nailoni yake linawangoja wakaguzi.

Baada ya chumba cha mazoezi, jitenge na wenyeji wako. Nenda kibanda cha chipsi au cha maandazi nje ya geti, ukae na wanafunzi. Waulize wameshafanya mazoezi hospitali gani, wiki ngapi, wodini wanakuwa wangapi kwa zamu moja. Waulize mwalimu wa somo gumu yupo au wamekuwa wakipewa makaratasi wajisomee. Waulize mitihani ya wizara ya muhula uliopita ilikwendaje: wangapi walifanya, wangapi walipata sapu, yaani kurudia mtihani, wangapi wali-disko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Mitihani hiyo huratibiwa na Wizara ya Afya kwa vyuo vingi kwa pamoja, kwa hiyo ndiyo mizani iliyo sawa kwa wote. Mkuu wa chuo naye muulize swali hilo hilo, na ulinganishe majibu. Ukiambiwa "wote walifaulu", omba kuoneshwa.

Kituo cha mwisho ni hospitali yenyewe ambako chuo kinasema kinapeleka wanafunzi. Mtafute muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi au mkuu wa maabara, msalimie kwa heshima, jieleze kuwa ni mzazi. Muulize wanafunzi wa chuo fulani huwa wanafika kweli, na wakifika wanakuwaje. Sisi tunaowapokea tunajua. Nikiulizwa na mzazi aliyekuja kwa adabu namwambia ukweli, na wenzangu wengi wako hivyo, kwa kuwa kesho mtoto huyo ndiye atakayempima mama yangu.

Hatua ya nane: omba na lipa kwa njia iliyo wazi

Kozi za afya zina mfumo wa pamoja wa udahili chini ya NACTVET, na kuna maombi yanayopelekwa chuoni moja kwa moja. Nani apite wapi hutangazwa kila mwaka wakati dirisha linapofunguliwa, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika, usifuate alichofanya kaka yake miaka mitatu iliyopita. Jaza mwenyewe au simama pembeni ya anayekujazia. Namba ya mtihani iandikwe sawasawa, namba ya simu iwe yenu na si ya mwenye stesheneri, maana ujumbe wote utakwenda huko. Nywila iandikwe daftarini nyumbani. Panga machaguo kwa kufuata ukaguzi wako, na usiweke chuo cha kujazia nafasi ambacho usingependa aende.

Wale waliochaguliwa na TAMISEMI kwenda vyuo moja kwa moja kutoka kidato cha nne waangalie vizuri walichopangiwa kabla ya kukipuuza. Wapo waliokiacha chuo cha serikali kwa kudhani ni adhabu ya kukosa kidato cha tano.

Vishoka watakupigia. Watasema wana nafasi mbili zimebaki, tuma laki moja kwenye namba hii ya simu leo kabla ya saa kumi. Usitume. Chuo cha serikali hulipwa kwa kontroli namba. Chuo binafsi kilipwe benki kwenye akaunti yenye jina la chuo, na risiti ubaki nayo. Anayetaka pesa ya chuo kwenye simu yake mwenyewe hana nafasi ya kukupa.

Ukishapokelewa

Kazi haijaisha siku ya kushusha godoro. Kwenye wiki za mwanzo mtoto ahakikishe jina lake limethibitishwa na kusajiliwa NACTVET, kwa kozi aliyoomba. Aulize kwa msajili, aone kwa macho yake. Kama halimo, huo ndio wakati wa kulalamika kwa maandishi, na nakala iende ofisi ya kanda ya NACTVET. Mkisubiri mpaka mtihani mtakuwa mmechelewa kama sisi.

Risiti zote zitunzwe kwenye bahasha moja nyumbani. Chuo kikibadilisha mhasibu, bahasha hiyo ndiyo itakayosema. Kitabu cha kumbukumbu za mazoezi nacho akijaze siku ile ile anapofanya kazi, na msimamizi asaini siku ile ile. Nimewahi kufuatwa na wanafunzi mwezi mzima baada ya fildi kuisha, wakinisihi nisaini kurasa thelathini za slaidi ambazo sikuwaona wakizisoma. Sikusaini, na haikuwa rahisi kuwatazama usoni. Mwambie wako asijiweke kwenye hali hiyo. Kila jioni, kabla hajavua koti, ukurasa wa siku hiyo uwe na saini.